Nani Aliyebonyeza Sauti ya Baba

Kila asubuhi nyumbani kwetu kompyuta iliwashwa kabla ya jiko. Mama aliibonyeza akipita, kitambaa cha kulalia bado kichwani, kisha akaenda kujaza birika. Maji yalipoanza kuimba, skrini ilikuwa imeshatulia, na baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwisho wa meza, kitambaa cheupe kimefunika tundu la shingoni mwake. Alishika kipanya, akachagua, akabonyeza.

"Amkeni! Mnada umeanza!"

Hata ungekuwa umejifunika mablanketi mawili, ungeamka. Nilikuja mezani nikipikicha macho. Mama alimimina chai, baba akaonja, akarudi kwenye kipanya.

"Chai hii imeyaona majani kwa mbali," ilisema kompyuta.

"Basi kesho ujipikie," mama akajibu, na baba akatikisa mabega. Ndivyo alivyocheka tangu alipofanyiwa upasuaji, kwa mabega tu.

Baba alikuwa mnadi. Aliuza kwa mnada vitanda, makabati na mashine kuukuu katika ghala moja karibu na kituo cha treni, na sauti yake ndiyo iliyotulisha. Watu walimwita Kengele. Alipougua koo, madaktari walisema kisanduku cha sauti lazima kitolewe, ama sivyo ugonjwa ungeshuka kifuani. Alipewa wiki sita za kujiandaa. Mtaalamu wa hospitali aliyewasaidia wagonjwa kama yeye alimwambia, "Mzee, rekodi sasa. Usirekodi hotuba. Rekodi yale unayoyasema kila siku."

Kwa hiyo baba alijifungia chumbani na kipaza sauti, akarekodi sentensi mia tatu na kumi na nane. Kila sentensi ikapewa kitufe chake kwenye skrini. Kulikuwa na "Naomba maji" na "Shingo inauma." Kulikuwa na "Nani ameacha bomba linamwagika?" na "Mama watoto, umependeza, aliyekuoa ana bahati." Mimi na mama tulipobishana, alibonyeza ile ya kazini, "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, limeuzwa!" na ubishi ukaishia hapo. Nakala ya sauti zote iliwekwa kwenye flashi, mama akaifunga kwa leso na kuificha kabatini, chini ya shuka.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu nianze shule sikuwahi kuvuka nafasi ya kumi na nne, na muhula ule nikawa wa pili. Nilikimbia njia nzima. Baba alisoma karatasi ya matokeo mara mbili, macho yakamng'aa, akageukia skrini. Alipandisha orodha, akaishusha, akaipandisha tena. Hakuwa amerekodi neno la siku kama ile. Mwishowe akabonyeza, "Sawa, nimesikia."

Aliuona uso wangu. Akachukua daftari, akaandika HONGERA kwa herufi kubwa zilizojaza ukurasa, akanikumbatia mpaka kitambaa cha shingoni kikapinda. Nilipaswa kushiba kwa hilo. Sikushiba. Nilitaka kulisikia.

Nilimweleza rafiki yangu wa dawati moja, ambaye darasa zima tulimwita Mjuaji.

"Na wewe, dunia imepanda ndege, wewe bado unafunga kamba za viatu," alisema. "Ipo programu. Unaipa sauti ya mtu, unaandika chochote, inasema kwa sauti ileile. Hata ukitaka baba yako aimbe."

"Si inauzwa?"

"Inauzwa kwa wasiojua. Binamu yangu anayo iliyovunjwa kufuli. Bure kabisa."

"Na ni salama?"

"Mimi nimekwambia, halafu unauliza tena?"

Kesho yake aliniletea kwenye flashi yake. Wazazi walikuwa wameenda hospitali kubadilisha kitambaa cha kidonda. Nilifungua maelekezo. Mstari wa kwanza ulisema: Zima kinga ya kompyuta kabla ya kuanza, kwa sababu kinga hukosea na kuidhania programu hii kuwa ni virusi. Nilisita. Kinga ile aliiweka mtaalamu wa hospitali mwenyewe, na alituambia tusiiguse. Lakini akilini nilishamwona baba akibonyeza kitufe kipya, na mimi nimesimama mlangoni nikijifanya sijui. Nikajiambia, dakika tano tu.

Nikaizima, nikaianzisha programu. Dirisha jeusi lilifunguka, likajifunga. Picha ndogo ya kipaza sauti ikabaki kwenye skrini. Niliibonyeza mara kumi, haikufanya lolote. Nikawasha kinga tena, ikaandika kwamba kila kitu ni salama, nami nikaenda kuosha vyombo.

Siku ya nne feni ya kompyuta ilianza kunguruma hata kama hakuna mtu anayeitumia. Siku ya sita vitufe vya baba vilichelewa. Alibonyeza "Naomba maji," akangoja, na maji yakawa yameshaletwa ndipo kompyuta ikayaomba. Baba aliandika, "Mashine nayo inazeeka." Mama akasema, "Tutazeeka nayo." Mimi nilikaa kimya.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi mchana, tumetoka kula. Baba alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Nani ameacha bomba linamwagika?" kompyuta ikauliza.

Mama alitoka kwenda kuangalia, akarudi. "Bomba limefungwa. Umeanza utani wako?"

Baba aliweka kikombe chini, akainua mikono yote miwili juu. Kipanya kilikuwa upande wa pili wa meza, hakuna aliyekigusa. Lakini kwenye skrini mshale ulikuwa unatembea. Ulikwenda polepole juu ya vitufe, ukisimama hapa na pale, kama mnunuzi anayepapasa mali asiyokusudia kuinunua.

"Mama watoto, umependeza, aliyekuoa ana bahati."

Mama hakucheka. Kando ya tundu la kamera, juu ya skrini, taa ndogo ilikuwa inawaka. Mshale ukashuka, ukabonyeza tena. "Mara ya kwanza, mara ya pili..." Ukaikata katikati. Mama aliivuta nguo ya meza, vijiko vikaanguka, akaifunika skrini kama mtu anayefunika maiti.

Baba aliandika kitu, akatuonyesha. "Inaota."

Nilicheka sana, kuliko ilivyostahili. Mama akanitazama.

Hapo nilijua. Nilijua kwamba haikuwa uzee wala ndoto, na nilijua ni nani aliyefungua. Ningeweza kusema mbele ya vijiko vile vilivyotapakaa sakafuni. Badala yake, Jumatatu walipoenda hospitali, nilifuta picha ya kipaza sauti kutoka kwenye skrini. Nilidhani ukiondoa kibao cha duka, duka limefungwa. Kisha hofu ikanishika: je, sauti zenyewe zi salama? Nikaenda kabatini, nikafungua leso, nikaichomeka flashi ya nakala kwenye kompyuta ileile. Nilihesabu mafaili yote mia tatu na kumi na nane. Nikasikiliza matano, yalikuwa mazima. Niliirudisha chini ya shuka nikijiona mwerevu.

Siku ya kumi na sita hatukuamshwa na mtu. Nilipofika mezani, baba alikuwa anabonyeza "Amkeni" na hakuna kilichotoka. Alibonyeza mara nane. Akajaribu kitufe cha pili, cha tatu, cha mwisho kabisa. Majina ya mafaili yalikuwa yameota mkia wa herufi ambazo hazisomeki, na katikati ya skrini kulikuwa na barua: mafaili yako yamefungwa, lipa ufunguliwe. Mama alimwondoa baba mkono kwenye kipanya, kidole kimoja baada ya kingine.

Fundi wa kompyuta alikuja kesho yake. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mkoba uliojaa nyaya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?" Kabla hata ya kukaa, aliuchomoa waya wa intaneti. "Kwanza tumtenge. Sasa niambieni, nani ameingiza kitu kipya humu? Programu, mchezo, flashi ya mtu?"

"Hapa hakuna wa kuichezea mashine hii," mama alisema. "Huu ni mdomo wa mzee."

Fundi akanigeukia. "Na wewe?"

"Sijui."

"Simtafuti wa kumfunga, mwanangu. Daktari akijua ulichokula, anajua cha kutibu."

"Sijui chochote," nikarudia.

Alifanya kazi siku mbili mezani petu, na kwa kuwa baba alipenda kuona, alieleza kila alichofanya. "Mwizi wa kawaida huingia, akachukua, akaondoka," alisema. "Huyu ametoboa mlango wa uani. Anaingia na kutoka kama mpangaji. Anaona mnachokiona, anashika kipanya akiwa huko kwao." Alikuta programu moja yenye jina linalofanana na jina la programu halali ya kompyuta, herufi moja tu imebadilishwa. Akaizima. Haikupita dakika, ikawaka tena.

"Ala! Namuua, anafufuka. Basi yupo anayemwamsha."

Aliangalia orodha ya kazi zinazojianza zenyewe, akakuta moja iliyopangwa kumwamsha yule kila baada ya saa moja. Akazifuta zote mbili. Kisha akafungua kinga, akasonya. "Tazameni. Kinga imeambiwa isichunguze popote. Mlinzi yuko getini, amefungwa kitambaa machoni, na bado anapiga saluti."

Baba alitikisa mabega. Mama akasema, "Sasa amekwisha?"

"Sijui. Nikijua aliingia siku gani, nitajua vyote vilivyoingia naye. Bila siku, napapasa gizani." Alinitazama tena, bila ukali. Nikaangalia dirishani.

Siku ya tatu alikunja nyaya zake. "Mama, kuhangaika na huyu mmojammoja hakuna mwisho. Dawa ni kufuta diski nzima na kuanza upya. Mashine itapona. Sauti ndizo swali. Hamkuweka nakala pembeni?"

Uso wa mama ukafunguka. "Ipo! Mungu wangu, ipo!" Alikimbia chumbani. Baba alipiga meza kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Mama alirudi akifungua leso njiani, akampa fundi ile flashi.

Fundi alitoa kompyuta yake mwenyewe mkobani, ile aliyohifadhia kazi za wateja. Nilikuwa nimeona humo ripoti za shule, picha za harusi, barua za watu. Aliishika flashi, akaigeuza ipate kuingia. Ilibaki nafasi ya ukucha.

"Usiichomeke!"

Wote watatu walinigeukia.

"Nilishaichomeka mimi," nikasema. "Kwenye hii. Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilitaka kuona kama ni nzima. Na aliyeingiza ile programu ni mimi. Nilizima kinga."

Fundi aliiweka flashi mezani taratibu, kama mtu anayeweka chini kisu. Mama alikuwa bado ameshika leso, imefunguka, haina kitu ndani.

"Siku gani?" fundi akauliza. "Programu."

"Leo ni siku ya kumi na tisa. Ilikuwa Ijumaa, mchana."

Aliandika. Kwa kuijua siku ile, ilimchukua chini ya nusu saa kuupata mlango wenyewe: mtumiaji wa siri, aliyeandikishwa kwenye kompyuta yetu dakika nne baada ya mimi kuona dirisha jeusi, mwenye neno lake la siri na ruhusa zote, asiyeonekana kwenye orodha yetu. Wale wawili waliofutwa walikuwa watumishi wake tu. Flashi aliipeleka kwake, akaifungua kwenye mashine kuukuu isiyo na kitu ndani wala intaneti. Sauti zote mia tatu na kumi na nane zilikuwa zimefungwa, na katikati yake alijificha yule mwenye jina la kuazima, akingoja kuchomekwa kwingine.

Aliporudi jioni, hakunificha. "Ungesema siku ya kwanza, ningechomoa waya, na flashi ya kabatini ingekuwa nzima. Ungesema hata siku mshale ulipotembea, ingekuwa nzima. Nakala uliiua wewe, kwa kuipeleka kwa mgonjwa ikamwangalie."

"Na kufuli?" mama aliuliza. "Huwezi kuzifungua?"

"Sina ufunguo, mama. Na wanaoandika barua kama hii wengi hulipwa na hawafungui. Msiwajibu." Kisha akaniambia, "Nenda kamwambie na huyo rafiki yako. Kompyuta ya kwao nayo ina mpangaji."

Nilienda. Mjuaji alinisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaniuliza mimi la kufanya.

Kabla ya kuifuta diski, fundi aliichukua akaipekua kwa siku kadhaa, akitafuta vitu vilivyofutwa zamani na wenyewe, ambavyo mgeni hakuviona. Alirudi na kompyuta ikiwa safi. Mama alibadilisha maneno yote ya siri kwa simu yake, si kwa mashine. Fundi aliweka kinga mpya na kutufundisha kwamba nakala moja lazima ikae nje ya nyumba, na kwamba programu yoyote inayokuomba kwanza uzime kinga imeshakueleza ni nani.

"Nimepata sauti ishirini na saba," alisema mwishoni, bila furaha. "Lakini zisikilizeni kwanza."

Zilikuwa zile zilizoharibika. Baba alipokuwa anarekodi na kukosea, alifuta na kurudia, na alivyofuta ndivyo vilivyobaki. "Amkeni, mna... ah, hebu nirudie." Kikohozi kirefu. Sauti ya mama kutoka mlangoni, "Chai inapoa," na baba, "Mama, narekodi!" kisha kicheko, kicheko chenyewe cha zamani, cha koo, hadi kikaishia kwenye kikohozi kingine. "Naomba ma..." Pumzi. Kiti kikisogezwa. Katika ishirini na saba hakukuwa na sentensi moja nzima ya kuwekwa kwenye kitufe.

Mama alitoka nje. Fundi alifunga mkoba wake polepole, akaaga kwa kichwa.

Baadaye tuliweka kwenye vitufe sauti iliyokuja na kompyuta, ya mwanamume tusiyemjua, aliyesoma "Shingo inauma" kama anayesoma tangazo la treni. Baba aliivumilia wiki moja. Miezi saba aliyobaki nayo aliongea kwa daftari, na mimi nikajifunza kusoma mwandiko wake hata ulipokuwa umelala.

Lakini siku ile fundi alipoondoka tulibaki wawili mezani. Baba alikuwa amesikiliza zote ishirini na saba akiwa ameketi wima. Nilingoja anipige, au aniandikie neno moja tu baya, nipate kulia kwa sababu. Alivuta daftari. Aliandika muda mrefu, kalamu ikikwaruza, kisha akaligeuza.

"Kutaka kuniongezea neno si kosa. Kuzima kinga ni kutojua, na kutojua kuna dawa yake, ni kuuliza. Mtu yeyote anaweza kufungua mlango mbaya. Lakini katika nyumba hii asiye na sauti ni mimi. Wewe unayo. Ulinyamazaje siku kumi na tisa?"

Nilisoma mara mbili.

Alingoja. Akavuta daftari tena, akaongeza mstari mmoja chini. "Haya, sema. Tangu mwanzo."

Niliposema neno la kwanza halikutoka vizuri, nikaanza upya. Nilimweleza siku ya matokeo, njia nzima niliyokimbia, kile nilichotaka kusikia. Nilimweleza Mjuaji, dirisha jeusi, leso. Baba aliisikiliza sauti yangu mpaka mwisho, mikono yake miwili imelala juu ya meza, na hakuikatiza hata mara moja.